Dar hadi Mbeya kwa gari la juu: lami, upepo na viti vya nyuma

Haya nimeyakusanya kutoka kwenye daftari la matumizi na picha za simu, tukiwa tumesharudi nyumbani na gari limeshaoshwa vumbi. Ni SUV ya Kijapani ya viti saba, ya mtumba kama magari mengi ya hapa mjini, ya petroli, na ina keria juu. Dereva alikuwa baba watoto. Mimi nilikaa safu ya kati na Bibi, mama mkwe wangu, tuliyekuwa tunampeleka kwao Mbeya. Watoto waligombania viti vya nyuma kabisa. Nataja viti makusudi. Karibu kila kinachoandikwa kuhusu magari kimeandikwa na aliyeshika usukani, na aliyeshika usukani hasikii gari tunalolisikia sisi wa nyuma.

Bibi amevuka sabini. Nyumbani mezani husikia kila neno, hata yale usiyotaka ayasikie. Ndani ya gari linalokwenda mia anabaki kuitikia "eeh" na kutabasamu. Safari ya Morogoro mwaka jana aliimaliza hivyo, akashuka amechoka kuliko dereva. Safari hii nikaamua kuandika kelele pamoja na bei za mafuta, nikapakua na programu ya simu ya kupima desibeli. Programu hizo si kipimo cha maabara, lakini simu ileile ukiishika mahali palepale itakuambia kama kelele imepanda au imeshuka, na hilo lilinitosha.

Jumamosi: Dar, Chalinze, Morogoro, Mikumi

Tulitoka Mbezi saa kumi na nusu alfajiri. Kwenye njia nane za Kimara hadi Kibaha hakuna la kusimulia. Baada ya hapo barabara inabana, malori yamepangana, na mpaka Mlandizi tulikuwa tunatambaa nyuma ya lori la saruji.

Kulipopambazuka na mwendo ukafika 85, juu ya vichwa vyetu ukaanza mlio mzito wa kutetemeka, vuuuuu, ambao uliingia mpaka kwenye meno. Ukishuka hadi 75 unakatika. Ukipanda 95 unarudi, safari hii mwembamba zaidi. Baba watoto akasema ni upepo tu. Ni kweli ulikuwa upepo, lakini upepo mtupu haulii namna ile. Lazima uwe umepata kitu cha kukitikisa. Simu yangu ilisoma 74.

Chalinze tulisimama kunywa supu. Dereva mmoja wa semi, anayepeleka mzigo Tunduma, alikuwa meza ya pili. Wakati wa kutoka akatazama juu ya gari letu, penye godoro, mabegi na turubai.

"Dada, hiyo mikanda mmeilaza bapa. Haijawaimbia njiani?"

Nikamwambia imetuimbia tangu Mlandizi. Hakusubiri kuombwa. Akapanda kwenye tairi, akafungua kila mkanda, akausokota mara tatu nne, kisha akaukaza upya. Alieleza huku anafanya: mkanda bapa uliokazwa ukipigwa na upepo unatetemeka wote kwa pamoja, lakini ukiusokota kila sehemu inapigwa kwa pembe yake na mtetemo unajivuruga wenyewe. Baadaye nilikumbuka kwamba antena nyingi za magari zina waya uliozungushwa kama ngazi ya mzunguko kwa sababu hiyohiyo. Pesa alikataa. Alichukua kipande cha nanasi, akasema tutapishana Kitonga.

Baada ya Chalinze ule mlio haukuwepo tena. Nilidhani gari litakuwa kimya, kumbe ulikuwa umefunika vingine. Sasa tukaanza kusikia filimbi nyembamba ya vyuma vya keria vyenyewe, na chini yake ngurumo ya matairi iliyokuwepo muda wote. Simu ilishuka hadi 72 tu, ingawa kwa masikio nafuu ilikuwa kubwa kuliko tarakimu mbili. Bibi aliuliza swali lake la kwanza kamili tangu tutoke: kama tumemwachia jirani funguo.

Supu na chapati za wote zilikuwa 28,000. Nanasi za Chalinze nunueni mkiwa mnarudi Dar, si mkiwa mnakwenda. Zikikaa siku mbili ndani ya gari la moto zinaanza kuchacha.

Kabla ya Morogoro tukapigwa tochi ya kupima mwendo kwenye kijiji cha mwisho hamsini. Tulisomwa 63. Askari alikuwa mpole, akaandika, tukapewa namba ya malipo, 30,000. Baba watoto alishangaa kweli, maana alihisi anakwenda polepole. Nadhani ule mlio wa mikanda ulikuwa unamwambia mwendo bila yeye kujua. Gari lililotulia halikuambii kitu, inabidi usome mshale. Kwa wanaopita njia hii: hesabuni kila kijiji kuwa ni hamsini hata kama bango limefunikwa na majani.

Msamvu tulijaza mafuta na kula wali maharage. Doma tulipita watoto wamelala.

Ndani ya hifadhi ya Mikumi barabara inapita takriban kilomita hamsini, mwendo ni 70 mchana na 50 usiku, na kuna mabango ya faini za kugonga wanyama kwa dola. Nashauri mtu apite pale mchana, kwanza kwa ajili ya wanyama, pili kwa sababu kwa 70 gari lolote la familia linakuwa na utulivu ambao hutaupata tena mpaka Kitonga. Tuliona twiga watatu karibu na lami, swala wasiohesabika, na tembo mmoja mbali amegeuza mgongo.

Pale ndipo mtoto mkubwa aliposhusha kioo cha nyuma apige picha. Papo hapo ndani ya gari pakaanza kupiga vup-vup-vup-vup, mgandamizo wa hewa unaosukuma masikio kwa ndani. Bibi alishika kichwa kwa mikono miwili. Tukishangaa tunafunga nini, mdogo akashusha kioo cha mbele yake kidogo, na kitu chote kikaisha.

Kinachotokea ni hiki: hewa inayopita kwenye uwazi wa dirisha moja inafanya gari zima kuwa chupa inayopulizwa mdomoni. Chupa ndogo inatoa filimbi. Chumba kikubwa kama cha SUV kinatoa sauti ya chini mno, karibu na mipaka ya kile sikio linachoweza kusikia, ndiyo maana unaihisi zaidi ya kuisikia. Vioo vya nyuma ndivyo vyenye tabia hiyo zaidi. Dawa ni kufungua tundu la pili, hata vidole vitatu, upande wowote. Simu yangu ilipanda kidogo sana wakati ule, wakati Bibi alikuwa ameshika kichwa: vipimo vya kawaida vya desibeli vinapunguza uzito wa sauti za chini. Kwa hiyo mtu akikuonyesha tarakimu nzuri za gari lake, bado keti humo kwanza.

Tulilala Mikumi mjini, vyumba viwili kwa 80,000, maji ya moto kwa ndoo. Kuku wa pale alichelewa saa moja na nusu, lakini alikuwa kuku kweli.

Jumapili: Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Kitonga, Iringa

Tulianza saa moja na robo asubuhi. Bonde la mibuyu ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote za njia hii, mto upande mmoja na milima inakubana upande wa pili. Safari hii nililitazama na simu mkononi, kwa sababu kulikuwa na mahali rangi ya lami ilibadilika kwa mstari ulionyooka, kutoka nyeusi laini kwenda kijivu chenye kokoto. Mwendo haukubadilika, 80. Simu ikaruka kutoka 69 hadi 75 ndani ya sekunde moja, na Bibi akarudi kwenye "eeh" zake.

Lami si moja. Kuna ile inayochanganywa kabisa na kutandazwa kwa mashine, ikatoka laini. Kuna na ile ambayo lami ya moto inamwagwa chini, kokoto zinanyunyizwa juu, kisha zinashindiliwa. Hii ya pili ni nafuu na inashika tairi vizuri wakati wa mvua, siisemi vibaya. Lakini kashata za tairi, yaani yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara, zinagonga kila kokoto, mtikisiko unapanda kwenye shokapu, unaingia kwenye bodi, na paneli za chuma zinaanza kunguruma. Gari dogo lenye buti lililotengwa lina ukuta wa kiti cha nyuma na kirafu chake; kelele za matairi ya nyuma zinabaki huko kwa sehemu. SUV haina ukuta. Buti ni chumba kilekile mnachokaa, na mlango wake wa nyuma ni bapa kubwa la chuma. Waliokaa safu ya tatu wamekalia juu ya matao ya matairi. Nilihamia kule kwa robo saa: 78. Watoto walikuwa wanaongea kwa kupigiana kelele na nilikuwa nikiwagombeza bure tangu Dar.

Tulijaribu kutandika mablanketi yote kwenye buti na juu ya matao. Ile michakacho ya kokoto ndogo zinazorushwa ilipungua, inasikika kwa mbali. Ngurumo haikusikia habari. Sauti nzito haizuiliwi na blanketi. Inataka kitu chenye uzito kigandishwe kwenye chuma, na hiyo ni kazi ya gereji.

Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu. Mama muuzaji alianza na 15,000 kwa ndoo, Bibi akashuka mwenyewe, wakaongea kinyumbani, ikawa 10,000 na mafungu mawili ya nyongeza. Msimpeleke mtu wa mjini akabishane bei pale kama mna bibi ndani ya gari.

Kitonga tulikwama. Lori lilikuwa limekufa kwenye kona, upande wa kupanda, na magari yamefunga mstari kushuka hadi kwenye daraja. Tulizima injini saa tano na dakika kumi. Hatukuiwasha tena mpaka karibu saa nane.

Vijana wa pale walikuja na mahindi ya kuchoma, 500 kila moja, bei ya kawaida, wala hawakupandisha kwa kuona tumenasa. Dereva wa semi wa Chalinze alikuwa magari kama ishirini mbele yetu. Alishuka na chupa ya chai ya tangawizi na vikombe viwili vya bati, akaanza na Bibi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, huu mlima bado unawatesa?" Kikombe kile kilitoa hadithi. Bibi alituambia alivyopita hapa msichana, juu ya mzigo wa lori, kabla lami ya TANZAM, barabara hii ya kwenda Zambia, haijakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jinsi abiria walivyoshuka na kutembea kwa miguu ili lori lipande tupu, na aliyebeba kuku akawa anawapandisha kuku kwanza. Baba watoto hakuwahi kuisikia hadithi hiyo, na ni mama yake. Dirisha zote wazi, injini imezimwa, simu inasoma 44. Mazungumzo marefu kuliko yote ya safari nzima yalifanyika gari likiwa limesimama.

Kwa wanaokuja: bebeni maji kabla ya Kitonga, lita tatu za ziada kwa gari la familia. Na msijaribu kuwapita waliosimama kwenye foleni; ndivyo saa mbili zinavyogeuka kuwa sita.

Ilula tulinunua nyanya kidogo. Iringa tulifika jua linazama, baridi imeshaanza kushuka. Nyumba ya wageni 45,000 kwa chumba, na mwenye nyumba akatuletea jiko la mkaa nje tuote moto bila kuombwa.

Jumatatu: Iringa mjini

Siku hii ilipangwa kuwa ya kupumzika. Asubuhi tukaenda kwa fundi wa matairi ambaye mwenye nyumba alituelekeza. Ni mzee mfupi, hana haraka, ana compressor moja na stuli moja, ambayo alimpa Bibi.

Kabla ya kugusa chombo chochote alipitisha kiganja juu ya tairi la nyuma, kwenda mbele, kisha kurudi. Akanishika mkono nifanye vilevile. Kwenda mbele ni laini. Kurudi, kila kashata inakukwaruza.

"Yameota msumeno," akasema. "Haya hayajawahi kuhamishwa."

Matairi ya nyuma ya magari yanayoendeshwa kwa miguu ya mbele huliwa hivyo yakikaa mahali pamoja muda mrefu, na alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu, ikiwa imepotoka kidogo huwa mbaya zaidi. Kila jino lililoinuka linapiga lami peke yake, na mapigo hayo yakiungana kwa mwendo wa mia unapata mvumo unaofanana kabisa na wa beringi iliyokufa. Watu wengi hununua beringi kwa kosa la tairi. Yeye alinyanyua kila gurudumu, akalizungusha kwa mkono huku kidole kimeshika springi asikilize mtikisiko, hakuna. Barabarani, alisema, beringi mbovu hubadilisha sauti ukikata kona, upande mmoja inazidi na upande mwingine inapungua. Msumeno haujali kona.

Halafu akatuonyesha tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya ubavuni: 1817. Wiki ya 18 ya mwaka 2017. Kashata bado zilikuwa ndefu, ndiyo maana hatukuwa na wasiwasi nayo, lakini mpira wa umri ule umekakamaa, na mpira mgumu hupiga kelele zaidi na hushika barabara kidogo. Akapima upepo: psi 42 magurudumu yote. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema 230 kPa, ambayo ni karibu psi 33. Kijana wa sheli kule Dar alikuwa ametuwekea "wa safari". Tairi lililojazwa kupita kiasi halinyonyi mtikisiko, linaupitisha. Kwa mzigo tuliokuwa nao fundi aliweka 36 nyuma na 34 mbele.

Kisha akasema maneno ambayo nimeyaandika kama yalivyo: "Ninayahamisha ya nyuma yaje mbele. Kelele haitaisha, mama, itahama."

Itahama kwenda kwa dereva. Nilimtazama baba watoto, akasema sawa, tuone.

Jambo la mwisho lilikuwa mlango wa Bibi. Tangu Morogoro nilikuwa nasikia pale juu, kwenye kona ya nyuma ya fremu, sss ya kudumu kama mtu anamnyamazisha mwenzake. Fundi alifunga mlango juu ya noti ya elfu moja, akaivuta. Ikatoka bila kukaza. Akarudia chini: ikagoma. Juu ikatoka tena. Raba ya mlango imelala kwenye kona ile. Raba hizi kwa ndani ni tundu tupu, basi alichana mahali padogo panapojificha, akapenyeza kipande cha mpira mwembamba wa kupitishia maji ya waipa, urefu wa mkono, kona ikainuka. Noti ikakaza.

Kama huna noti ya kuchezea, tumia utepe wa karatasi wa mafundi rangi: ziba mwanya mmoja kwa nje, endesha kipande kifupi cha barabara, sikiliza, hamia mwingine. Anza na saiti mira na kona za juu za milango. Bandua kabla ya jua kali, la sivyo gundi inabaki kwenye rangi.

Kazi yote, kuhamisha matairi manne, balansi, upepo na kale kampira, ilikuwa 40,000. Alaimenti hakuwa na mashine, tukafanyia Mbeya.

Mchana tulikwenda Isimila, kilomita kama ishirini kwa njia ya Mbeya, kwenye zana za mawe za kale na zile nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko. Watoto walipenda nguzo, Bibi alipenda kivuli. Nendeni kabla ya saa sita, korongo lina joto.

Jioni tulishusha keria. Godoro lilibaki Iringa kwa mwenye nyumba, pamoja na vyuma vyenyewe, tuvichukue tukirudi. Hakutaka hata mia. Keria tupu, bila mzigo wowote, inalia na inakula mafuta. Kama hubebi kitu juu, vyuma vile havina kazi pale.

Jumanne: Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya

Kutoka Iringa kwenda Mafinga tulipata lami nzuri na asubuhi isiyo na upepo, misonobari ya Sao Hill inaanza kuonekana, harufu ya mbao mpya. Simu kwenye kiti changu, kwa 90: 67. Siku ya kwanza palepale ilikuwa 74. Bibi alisimulia bila kuinua sauti, na mtoto wa safu ya tatu akamjibu.

Dakika kumi baada ya kutoka mjini baba watoto alizima redio.

"Nini hicho kinavuma hapa mbele?"

Ni yaleyale matairi, nikamwambia. Tulikuwa nayo sisi tangu mwezi wa kwanza.

Makambako ni mji wa upepo, kila mtu wa nyanda za juu anajua. Ulikuwa unatupiga kutoka mbele, umekaa kidogo kulia, na vichaka vyote vimeinama. Mshale ulisoma 95, lakini gari lilikuwa linakutana na hewa kwa mwendo wa 120 au zaidi. Mambo ya matairi yakasahaulika. Sasa ilikuwa ni nguzo za kioo cha mbele na saiti mira zinazoguguna upande wa kulia, kila upepo ukivuma kwa kishindo sauti inapanda na kushuka, na hiyo ya kupanda na kushuka inachosha kuliko kelele iliyotulia.

Kelele za matairi hupanda na mwendo kwa kiasi. Za upepo hupanda kwa ukali: nguvu yake hukua karibu na mwendo uliozidishwa wenyewe mara sita. Ukitoka 80 kwenda 100 hiyo ni desibeli kama sita juu; ukifika 120 ni zaidi ya kumi, na kumi kwa sikio la mtu ni kelele maradufu. Zaidi ya hapo, hewa inayokimbia ubavuni mwa gari inanyonya milango kwa nje. Fremu ya juu ya mlango inasogea kidogo sana, lakini inatosha raba iliyochoka kufungua midomo. Gari refu lenye uso mpana, saiti mira kubwa na kioo cha mbele kilichosimama lina vingi vya kupigwa. Magari ya bei huwa na vioo vya pembeni vya tabaka mbili zenye utando katikati. Vyetu ni kioo kimoja, imeandikwa kwenye kona yake. Raba ya Bibi ilishika. Upande wa dereva, ambao haukuguswa, ulikuwa unapiga miluzi.

Tulishuka hadi 85. Ndiyo suluhisho la bure kuliko yote na halipendwi na madereva. Katika kilomita mia, tofauti ya 85 na 100 ni dakika kumi hivi, na njia hii yenye vijiji vya hamsini kila unapogeuka haikupi hata hizo.

Chimala tulikula wali ambao hauhitaji mboga. Mteremko wa Inyala tulishuka kwa gia ndogo nyuma ya malori, rasta, yale matuta madogo ya kupunguza mwendo, zikipiga chini. Uyole foleni dakika arobaini. Saa kumi na moja jioni Bibi alikuwa kwao, na alianza kusimulia safari kabla hajaketi.

Siku za Mbeya ni za familia, hazina la kuwasaidia wasafiri zaidi ya alaimenti: 35,000, na foleni ya kusubiri ilikuwa ndefu kuliko kazi.

Kurudi

Bibi alibaki. Gari lisilo na yeye, vitunguu wala mabegi lilikuwa na mwangwi. Watu na nguo hunyonya sauti, viti vitupu hunyonya kidogo. Mafinga nilichukua usukani, baba watoto akaenda nyuma alale. Alirudi kiti cha mbele tulipofika Iringa, macho mekundu.

Godoro na keria tulivikuta vimefunikwa. Tulifunga godoro ndani, safu ya tatu ikiwa imelazwa, na keria tukailaza juu yake. Usiku wa pili tukalala Morogoro, tukaingia Dar saa nne asubuhi, foleni ya Kibaha ikiwa imeshasimama.

Matairi mapya tulinunua wiki iliyofuata, 920,000 manne na kufungwa. Muuzaji alinionyesha lebo ya Ulaya yenye mchoro wa mawimbi na desibeli, akasema hizi hazina kelele. Lebo ile inapima kelele anayosikia aliyesimama kando ya barabara gari likipita, si anayosikia aliyekaa ndani. Inasaidia kulinganisha, haikuahidi usingizi. Tulichoangalia zaidi ni kashata: ndogo, za karibukaribu, za barabara ya lami, badala ya zile pana za kupanda milima ambazo gari letu lilikuja nazo, na ambazo halijawahi kuzihitaji. Tarehe ubavuni ilikuwa ya mwaka uleule.

Kibaha kwenda Mlandizi kwa 85, kiti kilekile, bila keria: 66.

Mafuta ya safari nzima, kwenda na kurudi pamoja na mizunguko, yalikuwa kama lita 190. Raba ya mlango wa Bibi bado ina kale kampira ka Iringa. Fundi mmoja hapa Dar aliniambia raba mpya ya mlango mmoja ni 180,000, nikaweka noti ya elfu moja kwenye kona, nikafunga, nikamwambia aivute.